Orodha Nyuma ya Kioo

Hakuna aliyenituma. Nilinyoosha mkono mwenyewe kikaoni, mbele ya watu kumi na mmoja waliokuwa wanatazama viatu vyao, na mwenyekiti akanishukuru haraka haraka kabla sijabadili mawazo. Ndivyo nilivyokuwa katibu wa mashindano wa klabu ya gofu pale Kigoma. Kazi ile haikuwa na malipo wala ofisi, na kama nisingejitia kimbelembele kuiomba, pengine mtu mmoja angebaki pale alipokuwa anamngojea mkewe.

Nianze na kiwanja chenyewe, maana ndugu zangu wa Tanga nikiwaambia kwamba Kigoma palichezwa gofu huwa wanacheka. Kilikuwa na mashimo tisa, kimeachwa na wakoloni mlimani nyuma ya mji, na kwa miaka mingi kilikuwa cha mbuzi. Ile saruji ya kusimamia mtu anapoanza shimo la kwanza, akina mama walianikia makopa ya mihogo. Michikichi iliota ilipopenda. Kisha wakaja wakimbizi, na nyuma ya wakimbizi yakaja magari meupe yenye bendera, na ndani ya magari yale wakaja wageni waliokuwa na fimbo za gofu kwenye mizigo na Jumapili nzima bila la kufanya. Waliomba kiwanja, wakafyeka. Sisi watumishi wa serikali tulioletwa kutoka mikoa mingine tukaingia mmoja mmoja, kwanza kutazama, halafu kuazima fimbo, mwisho kugombana kama wenye mali.

Majani laini ya kijani kuzunguka mashimo, yale ya kwenye picha, hatukuwa nayo. Tulikuwa na duara za mchanga uliochanganywa na oili chafu ili upepo wa ziwani usiupeperushe. Kabla mtu hajausukuma mpira wake kuingia shimoni, nyayo za waliotangulia zilifutwa kwa kuburuta gunia lililofungwa kwenye kipande cha mti. Kulikuwa na mwajiriwa wa kazi hiyo, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mkimya, mwenye shati moja jeupe alilolifua kila siku. Tulimwita mtu wa gunia. Nitaendelea kumwita hivyo hapa, ingawa jina lake nalijua vizuri kuliko ninavyotaka.

Mimi nilikuwa mkaguzi wa vipimo. Asubuhi tatu kwa juma nilishuka Kibirizi, kwenye mwalo wa dagaa, na mawe yangu ya mizani ndani ya sanduku la mbao. Nilikagua mizani, nikakagua ndoo na madebe. Nilijua debe lililobonyezwa kitako likapungua vikombe viwili, na nilijua mizani iliyofungiwa sarafu chini ya sahani. Miaka ishirini ya kazi hiyo humharibu mtu. Nikikaribishwa chai kwa watu, macho yangu huenda kwanza kwenye kijiko cha sukari. Mke wangu, ambaye alikataa kunifuata Kigoma, alikuwa akisema kwamba mimi siku ya kiyama nitataka kwanza kuona muhuri wa ile mizani. Alisema kwa utani, lakini hakurudi nyuma alipokuwa amekwisha kusema.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa mashindano. Kabla yangu walicheza kwa mdomo. Mtu alisema amepiga mikwaju arobaini na tano, wenzake wakacheka, yakaisha. Mimi nikaleta kadi. Nikaleta kanuni kwamba kila mchezaji ahesabiwe na mwenzake. Nikamfuata fundi seremala wa Ujiji akanitengenezea ubao wa matangazo wenye mlango wa kioo, nikautundika barazani pale watu walipokunywa soda, nikautia kufuli. Ufunguo nilitembea nao mfukoni pamoja na wa nyumbani. Waliniita Bwana Mizani, na nilijifanya sipendi.

Juu ya yote nilileta hendikapu. Kwa asiyejua gofu, hendikapu ni mikwaju ya bure anayopewa mchezaji dhaifu ili aweze kushindana na hodari. Anayeanza hupewa ishirini na nne, bingwa hapewi kitu, wengine wako katikati. Niliupenda sana mpango huo. Ulikuwa mizani ya watu. Kila mmoja anapewa jiwe lake, sahani zinalingana, na atakayeshinda ameshinda kwa haki. Lakini mizani hiyo inasimama juu ya jambo moja tu, nalo ni kwamba kila mtu aseme ukweli kuhusu alikotoka na alivyokuwa akicheza huko.

Mtu wa gunia nilikuwa namwona Kibirizi kabla sijamfahamu kiwanjani. Kila nikifika mwaloni, jua halijapanda, nilimkuta amesimama pale boti za mbao zinapotia nanga, si kwenye dagaa, bali upande zinakoshukia boti za abiria kutoka kaskazini. Alitazama kila anayeshuka. Boti ikishamaliza kushusha, aliinama akaosha miguu kwa maji ya ziwa, akapanda mlima kwenda kazini. Nilimshuku, kwa sababu mimi humshuku kila mtu. Nikamwuliza mama mmoja wa Kasingirima aliyekuwa na meza yake ya dagaa karibu na hapo, mtu ambaye nilikwisha kumkamata mara mbili na debe bovu na ambaye kwa hiyo tulikuwa marafiki.

"Huyo anangoja mkewe," akasema. "Yuko ng'ambo, kwenye vita. Walipatana wakutane hapa."

"Yeye ni wa wapi?"

"Wa huku huku mpakani," akasema, akageuka kupepeta dagaa waliokuwa wamekwisha kupepetwa.

Baadaye nilimwuliza mwenyewe, naye akaniambia hivyo hivyo. Yeye ni Mha wa vijiji vya mpakani, mkewe alikwenda Burundi kumwuguza mama yake, risasi zikaanza, wakapotezana. Waliapiana kabla hajaondoka kwamba lolote likitokea wasiende kambini, kwa kuwa kambi ni nyingi na watu hupotelea humo. Atakayetangulia akae Kibirizi, kila asubuhi, hadi mwenzake ashuke. Alikuwa na mwaka na miezi miwili anashuka mwaloni. Jina alilolitumia lilikuwa la Kiha, niliambiwa, na nikaamini. Lafudhi yake ilikuwa kama ya watu wote wa pale. Kwa sikio langu la Pwani, Kiha na Kirundi ni kitu kimoja, na sikuona haja ya kujifunza kuvitofautisha, maana nilijihesabu mtu wa kupita.

Wakati huo serikali ilikuwa imetoa amri kwamba wakimbizi wote wanaoishi mijini na vijijini warudishwe kambini. Malori yalipita. Nilikutana nayo barabara ya kwenda Simbo, yamejaa watu waliosimama, na vyombo vya ndani vikining'inia ubavuni, na nakumbuka nilichukizwa na vumbi. Hicho ndicho nilichohisi, vumbi. Sikuwaza kwamba amri hiyo ilimhusu mtu yeyote ninayemjua.

Nikaandaa mashindano makubwa ya kwanza. Nilitaka wachezaji kumi na sita, ndio mchujo uende vizuri, wawili wawili hadi fainali. Nikapata kumi na watano. Jumamosi moja nikamwona mtu wa gunia, akidhani yuko peke yake, ameokota mpira uliopotea kwenye mihogo, akachukua fimbo ya mtu iliyosahauliwa, akaupiga. Mimi sikuwa mchezaji wa maana, lakini nilijua kusikia. Mlio wake ulikuwa mfupi na safi, mpira ukaenda ukatua kwenye mchanga wa shimo la tano.

"Umejifunza wapi?" nikamwuliza.

Akaiweka fimbo chini kama aliyeshikwa na cha wizi. "Nawaona nyinyi kila siku, mzee."

"Utacheza kwenye mashindano."

"Mzee, niache na gunia langu."

Sikumwacha. Nilimsumbua juma zima. Nilimwambia kwamba mashindano ni ya wote, kwamba mwenyekiti amekubali, kwamba kanuni haimbagui mfanyakazi. Yote hayo yalikuwa kweli. Kweli kubwa zaidi ni kwamba nilitaka kumi na sita. Mwisho akakubali, nadhani kwa kuchoka na kwa kuogopa kunikasirisha, mimi niliyekuwa natia sahihi mahudhurio yake. Nikampa hendikapu ya anayeanza, ishirini na nne.

Raundi ya kwanza alipangwa na bwana mmoja wa benki, mtu wa kujisikia, mwenye glavu za ngozi. Mashimo mawili ya mwanzo mtu wa gunia alipiga ovyo, mpira mmoja ukaingia kwenye mchikichi. Nilikuwa nawafuata na kadi zangu. Nilimwona akitazama mikono yake. Kuanzia shimo la tatu ni kama mikono ile ilikataa kuendelea na uongo. Akacheza. Hakucheka, hakumtazama mtu, akacheza tu, na kila alipofika kwenye mchanga aliburuta gunia kumfutia mwenzake nyayo kwanza, kwa mazoea, ndipo akapiga wake. Kwa mikwaju ile ya bure niliyompa, ushindi wake ulikuwa mkubwa mno, hata mimi nikaona haya kuuandika.

Bwana wa benki akanivaa barazani mbele ya watu. "Bwana Mizani, huyu ni mwanafunzi huyu? Debe lako hili lina kitako kweli?"

Watu wakacheka. Sijui kama msomaji ataelewa jinsi kicheko kile kilivyoniingia. Niliyatumia maneno hayo hayo kwa akina mama wa Kibirizi kwa miaka. Usiku ule sikupata usingizi mzuri, na kulipokucha nilimwita mtu wa gunia kwenye kibanda cha zana, nikafunga mlango.

Nilimwambia sina ugomvi naye. Nilimwambia nataka ukweli tu ili nimpe hendikapu yake ya haki, abaki mashindanoni bila mtu kumnyooshea kidole. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Wewe ni mtu wa haki, mzee," akasema. "Kibirizi wanakusema vibaya, lakini hilo wote wanalikubali."

Akaingiza mkono ndani ya shati, akatoa mfuko mdogo wa nailoni, na ndani ya mfuko kadi iliyokunjika. Ilikuwa kadi ya klabu ya gofu ya Bujumbura. Alikuwa amefundisha watu kucheza huko kwa miaka tisa. Kadi ilikuwa na jina lake, lake hasa, si lile la Kiha, na hendikapu yake imeandikwa kwa wino wa bluu, sita. Aliniambia alipovuka ziwa aliacha vyote, kadi ile ikabaki kwa kuwa ilikuwa mfukoni. Akaniambia pia kwamba ahadi ya Kibirizi ilikuwa kweli, ila mkewe hakuwa ameenda kuuguza mtu. Walikuwa wamesimama ufukweni pamoja, yeye ametangulia kuingia botini kupokea mizigo, risasi zikalia, mwenye boti akatia injini moto. Alimwona mkewe amesimama kwenye maji hadi magotini, anazidi kuwa mdogo.

Hakusema, "Usimwambie mtu." Nimelirudia neno hilo kichwani mara elfu, nikitafuta pa kujifichia. Hakusema kwa sababu kwa watu wa kule halikuwa jambo la kusemwa. Mji mzima wa Kigoma uliishi hivyo. Mpangishaji alijua mpangaji wake katoka wapi, fundi alijua kibarua wake ni nani, walikwisha kujua tangu salamu ya kwanza, na kila mmoja alinyamaza kwa sababu ana shemeji ng'ambo, au alikuwa naye. Mimi peke yangu ndiye niliyehitaji kuambiwa. Na mimi peke yangu ndiye niliyefikiri kwamba kitu kikiwa kweli kinastahili kuandikwa.

Kanuni yangu ilisema hivi: mchezaji aliyetoka klabu nyingine ataorodheshwa kwa jina lililo kwenye kadi yake, hendikapu yake, na klabu yake ya nyumbani. Jumamosi iliyofuata jioni nilikaa na rula na kalamu. Niliandika orodha ya raundi ya pili upya, kwa herufi kubwa. Jina lake la kweli. Sita. Bujumbura. Niliangalia mistari ilivyonyooka, nikaridhika. Nikafungua kioo, nikabandika, nikafunga kufuli, nikaenda zangu kula. Nasema wazi kwamba nilikuwa na furaha. Nilijiona nimemtendea mema.

Jumapili watu walifika wakasoma. Bwana wa benki, niliyedhani angefurahi, alisoma, akavua glavu zake, akazitia mfukoni, akasema, "Mimi sikutaka hivi." Mwenyekiti, daktari mstaafu mzaliwa wa Ujiji, akanivuta kando.

"Bwana katibu, itoe karatasi hiyo."

"Ina kosa gani?"

"Haina kosa. Itoe."

"Kama haina kosa siitoi," nikamjibu, nikiwa nimekwisha kupandwa na hasira. "Mashindano yanaanza saa tatu."

Akanitazama kama daktari anavyomtazama mtu ambaye hajui bado anaumwa nini. Wakati huo huo mtu wa gunia akapanda ngazi za baraza akiwa na shati lake jeupe. Watu wakampisha. Akasoma. Kidole chake kikaenda kwenye kioo, kikasimama chini ya jina lake, kisha akakishusha. Nilimngoja aniangalie. Hakuniangalia. Alichukua gunia lake ukutani, akaenda shimo la kwanza, akaburuta mchanga duara moja, mbili, tatu, ingawa hakuna aliyekuwa ameukanyaga. Akaliegemeza gunia kwenye mti, akatoweka kwenye mihogo. Jina lake lilipoitwa kucheza hakuwapo.

Angeweza kukimbia. Kulikuwa na milima, kulikuwa na vijiji vya kusini ambako hakuna anayeuliza. Mtu mwingine angekimbia siku ile ile. Lakini Kibirizi ni moja, na mkewe angeshuka Kibirizi. Jumatatu asubuhi alikuwa pale, mahali pake. Jumanne alikuwa pale. Mama wa Kasingirima alinisimulia hayo baadaye akiwa amenipa mgongo.

Jumatano nilikuwapo mwenyewe na sanduku langu la mawe. Gari lilishuka polepole hadi karibu na maji. Afisa aliyekuwa anasimamia msako wa wakimbizi alikuwa mwanachama mwenzetu, tulikwisha kucheza pamoja mara nyingi, mtu mpole asiyependa kelele. Wasaidizi wake wawili wakamwendea mtu wa gunia. Hakubisha. Aliomba tu asubiri boti moja iliyokuwa imeonekana, inakuja. Afisa akaangalia saa yake, akakubali. Basi tukasimama wote tukaingoja ile boti, wao, yeye, mimi, na akina mama walioacha kupima. Ikafika. Wakashuka wanaume wanne na mwanamke mmoja mzee mwenye mbuzi. Boti ikabaki tupu.

Nikamfuata afisa. Nilimwambia huyu mtu ana sababu ya kuwa hapa, nikamweleza habari za mkewe.

"Najua," akasema. "Namjua tangu alipofika. Nimempita hapa kila siku nikamsalimia."

"Basi mwache."

"Zamani nilikuwa najua tu, Bwana Mizani. Sasa umeandika. Umeweka kioo na kufuli, na wageni wote wamesoma, na bosi wangu amekunywa soda chini yake. Nikiulizwa, nitasema sikuona?"

Mtu wa gunia alikuwa amekwisha kupanda nyuma ya gari. Aliniita, si kwa hasira, nami nikasogea nikashika ubavu wa gari.

"Mzee, jina langu ulilitakia nini?"

"Ndiyo kanuni," nikasema.

Wallahi hilo ndilo nililomjibu. Katika maneno yote ya Kiswahili, lugha niliyozaliwa nayo na ambayo yeye aliikopa, nilichopata kumwambia ni hicho. Akatikisa kichwa, kama anayejaribu kulielewa, na gari likapanda mlima. Sikukagua kitu siku ile. Mama wa Kasingirima alichukua debe lake, akaligeuza akanionyesha kitako kilivyobonyea, akalirudisha mezani mbele ya macho yangu, akaendelea kuuza.

Mashindano hayakuisha. Hakuna aliyetaka kucheza fainali ya mtu aliyechukuliwa, kama alivyosema mmoja. Mwenyekiti hakuniomba tena niitoe ile orodha, na mimi sikuitoa. Nilijiambia kwamba mkaguzi hafuti kumbukumbu. Ukweli ni kwamba kila nilipoushika ufunguo niliurudisha mfukoni. Karatasi ikabaki nyuma ya kioo, ikageuka rangi ya chai, na mchwa wakaanza kwenye pembe.

Baada ya miezi miwili niliomba ruhusa nikaenda kambini alikopelekwa. Ni safari ya kutwa nzima, na nilibeba unga, sukari na fimbo moja ya gofu, sijui kwa nini fimbo. Nilizunguka kati ya mahema ya plastiki nikiuliza kwa jina lile la kweli, lile nililolinakili kwa rula. Jirani yake akanionyesha kibanda kilichokaliwa na watu wengine. Aliniambia mtu yule alikaa majuma matano tu. Alimwambia jirani huyo, "Hapa hakuna ziwa, mke wangu hatafika hapa, na kama siwezi kumngoja basi nitamfuata." Akavuka mpaka kwa miguu, kurudi kule kule kwenye risasi. Unga na sukari nilimwachia jirani. Fimbo nilirudi nayo.

Mvua zikanyesha, zikakatika. Zile siku za baada ya mvua unapoiona milima ya Kongo wazi kana kwamba mtu ameifuta kwa kitambaa, nilikuwa barazani peke yangu napanga kadi ambazo hakuna aliyezihitaji. Mama wa Kasingirima akaja. Hakuwa amewahi kupanda kule. Nyuma yake alikuwa mwanamke mwembamba, kanga yake imefungwa kifuani, na viatu vya mpira vya kiume.

"Shikamoo," akasema yule mgeni, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha mkono wa kulia alioninyooshea, adabu ya kwao.

"Marahaba."

Mama wa Kasingirima akasema, "Ameshuka juzi. Anauliza jina ambalo hatulijui sisi. Amezunguka mwalo wote, amekwenda Ujiji, hakuna. Leo ndipo ametaja gofu."

Kabla sijasema neno, macho ya yule mwanamke yalikuwa yamekwisha kunipita. Akaenda kwenye ubao. Kidole chake kikapanda juu ya kioo, kikashuka orodha, mstari kwa mstari, kikasimama. Akasoma jina kwa sauti. Akalisoma tena. Kisha akasoma Bujumbura, na hapo akaweka kiganja chote juu ya kioo, akaegemeza paji la uso, mabega yakaanza kutikisika.

Aligeuka, machozi yanamtiririka na anacheka. "Nani ameandika hii?"

Mama wa Kasingirima alinitazama. Aliniachia nijibu.

"Mimi," nikasema.

Akapiga magoti. Nilijaribu kumwinua, akanishika mikono yote miwili. "Murakoze cane," akasema, asante sana ya kwao, akarudia, na tena, kisha kwa Kiswahili cha kutafuta maneno: "Baba, nimeuliza watu wote. Wote wanasema hapana, hatumjui. Wewe peke yako umeandika jina lake. Mungu akulipe. Wewe peke yako."

Halafu akauliza yuko wapi.

Nilimwambia. Nilimwambia alivyomngoja kila asubuhi, mwaka na zaidi, nikamwambia habari za gari, za kambi, na kwamba alirudi kumtafuta. Alisikiliza akiwa bado amepiga magoti. Hakulia tena. Aliuliza alivuka siku gani, nikamwambia nilivyoambiwa, naye akahesabu kwenye vidole, akaona kwamba siku zile alikuwa bado kule kule, upande ule ule aliokwenda mumewe. Akaomba ile karatasi. Nikafungua kufuli. Aliikunja mara nne, akaitia kifuani, akanishukuru tena, akashuka mlima kutafuta boti ya kurudi.

Jambo moja sikumwambia, kilicholileta lile gari. Mama wa Kasingirima alisimama pale akisubiri niliseme, na aliposadiki kwamba silisemi, akamfuata mwenzake bila kuniaga. Miaka ishirini niliwatoza watu faini kwa vikombe viwili vya dagaa. Mwanamke yule aliondoka na shukrani zake zote zikiwa mikononi mwangu, hazikuwa zangu, nikazipokea, na mpaka leo ninazo.